Nililala Mchana, Mjukuu Akaungua

Akina mama wenzangu wa mabandani, mnaonijua mnajua sina haya, basi nitasema bila kupamba.

Ile miaka biashara iliporuhusiwa kwa kila mtu, nilitoka Matembwe nikafungua banda la chakula hapa Makambako. Malori hayana saa. La Songea linafika alfajiri, la Mbeya usiku wa manane, na madereva wote wanataka chai. Nikawa nalala masaa matatu. Kwetu mwanamke akikutwa na jua kitandani huulizwa anaumwa nini. Kwa hiyo usingizi niliupiga vita: natafuna majani ya chai, makavu hivyohivyo, mpaka ulimi unakuwa kama gome. Nikajisifu kwamba mimi ni chuma. Chuma gani, ndugu zangu, na nilishaanza kutia chumvi kwenye chai za watu?

Binti yangu, aliyekuwa akichuma chai Lupembe, aliniachia mtoto wake wa kike wa mwaka mmoja. Siku hiyo, saa sita mchana, jua linawaka, nimekaa karibu na mafiga, mtoto yuko miguuni. Nikafumba macho kidogo tu. Kilichoniamsha ni kilio. Alikuwa ameshavuta sufuria ya maharage.

Hospitali ya misheni, muuguzi alimfunga mkono bandeji, kisha akanitazama. "Bibi, unalala muda gani?"

"Nitalala kaburini."

"Sawa. Na huyu ulitaka atangulie?"

Binti yangu alipofika hakunitukana. Alitandika khanga sakafuni, akasema, "Mama, lala. Nitamwangalia mimi." Nililala mpaka kesho yake. Nilipoamka nikasikia harufu ya moshi kwenye nguo zangu. Miaka miwili nilikuwa sijainusa.

Niliporudi bandani, jirani yangu wa banda la pili, Mwislamu kutoka Singida, niliyekuwa namwonea wivu kwa wateja wake, alisema, "Tugawane, bibi. Wewe mchana, mimi usiku." Namshukuru huyo, na muuguzi, na binti yangu.

Mnaniuliza masaa mangapi yanatosha. Nilianza na saba, bado nikasinzia, ilichukua miezi. Yanatosha siku unayoamka bila kuamshwa, na mchana hugombani na kope zako.

Mjukuu wangu sasa yuko darasa la pili, ana akili kuliko ukoo mzima. Vidole vyake viwili havikunjuki. Akija jikoni kwangu, kabla hajakaa, hunitazama machoni kwanza.