Mwalimu Tomasi na Uso wa Loveth

Ndugu waombolezaji, wakubwa zetu shikamooni, familia inaomba utulivu wenu tumsindikize Mwalimu Tomasi Alfred Lugendo kwa maneno kabla ya kumsindikiza kwa udongo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 Rudewa, wilayani Kilosa, akiwa mtoto wa nne wa mzee Alfred Lugendo, mkata mkonge, na mama Anastazia, akasoma shule ya msingi hapo hapo Rudewa kuanzia 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari Morogoro, kisha chuo cha ualimu alikohitimu somo la sanaa mwaka 1982, na huko chuoni ndiko alikopatwa na kitu ambacho hakikumtoka hadi anakata roho, nacho ni Kubizimu.

Mwalimu asingetusamehe tukimzika bila kuieleza. Kubizimu ni mtindo wa uchoraji ulioanzia Paris, Ufaransa, mnamo mwaka 1907 hivi, kwa mikono ya Picasso na Braque, walioona kwamba kuchora kitu kutoka upande mmoja ni kukipunja, basi wakakivunja vipande vyenye pembe, wakaweka mbele, ubavu na mgongo juu ya turubai moja, kwa rangi za kijivu na udongo, na baadaye wakabandika hata vipande vya magazeti. Jina lenyewe limetokana na mchemraba, ule wa darasa la hisabati, na marehemu hakuchoka kukumbusha, kidole juu, kwamba Picasso alikuwa ametazama sana vinyago vilivyotoka Afrika.

Aliajiriwa Januari 1983 hapa Mikumi, ambako mwanafunzi hakushika penseli kabla ya kuizunguka sufuria iliyowekwa mezani, wanafunzi wakambatiza jina la Mchemraba, naye akaitika. Mwenye nyumba moja ya wageni alimwagiza tembo ukutani, akapata tembo anayetazama mbele na pembeni kwa wakati mmoja, akauliza hapo wako wangapi, na ukuta ukapakwa chokaa upya.

Jumamosi tarehe 7 Julai 1990 alifunga ndoa na Bibiana, Kilosa mjini, wakafanya makazi huko alikohamishiwa kufundisha, wakajaliwa Perpetua mwaka 1992, Goodhope 1995 na Loveth 1998, ambaye malaria kali ilimchukua tarehe 3 Mei 2007. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mto Mkondoa ulipofurika mwanzoni mwa 2010, familia ilitoka na uhai wao na magodoro mawili, maji yakabeba picha zote za nyumbani, ikawa kama Loveth amekufa mara ya pili, na Bibiana akamwomba mumewe jambo moja tu, amchorie uso wa mwanawe apate pa kutazama.

Mwalimu akajifungia, akatoka na mtoto mwenye sikio huku, shavu kule, na kisogo kilichosukwa twende kilioni. Bibiana alilia, akasema ameomba mtoto amepewa vipande, akaigeuza picha ikatazama ukuta, na kwa miaka mingi wawili hao walizungumza mambo ya chumvi na sare za shule tu. Sisi ndugu tulimlaumu Mwalimu kwa ukaidi, maana sura za majirani alizichora zikafanana nao vizuri kabisa.

Alistaafu mwaka 2021, wakarudi Mikumi, na Februari 2024 akapata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Hapo kitandani ndipo alipomwambia mkewe kwamba hakuwa mkaidi, alikuwa amesahau. Uso wa Loveth kwa mbele ulimpotea mapema, vikabaki sikio na kisogo, maana alimpakia mbele kwenye baiskeli, na shavu, maana akirudi kazini alimkuta amelala, na kila alipojaribu kuchora uso mzima alitokea mtoto wa watu, basi akachora alichokuwa nacho, aibu ikamfunga mdomo.

Bibiana akamwambia, Baba Perpetua, tulia, mimi mama yake nitakueleza alivyokuwa. Akafumba macho aanze na paji la uso, kikaja kisogo, kwa kuwa kila Jumapili mtoto alikaa chini akimpa mgongo asukwe, akayatafuta macho, akaona mkono wake mwenyewe umeshika kitana. Akainuka, akaigeuza ile picha, wakaitazama pamoja, huyu akionesha anachokikumbuka na yule chake, hadi Mwalimu alipofariki tarehe 9 Juni 2025 nyumbani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, wanafunzi wake wa miaka yote, na majirani walioleta maji na kuni bila kuitwa, hatuna cha kuwalipa.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, na Loveth akija kukulaki mwangalie vizuri usoni, kwa niaba ya mama yake pia.