Mama Lifti na Wazee Walioshuka Uani

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kitindamimba wa fundi bomba na mkunga. Wazazi walimpa jina zuri, lakini tangu aanze kazi mtaa mzima ulimwita Mama Lifti, na mwenyewe aliliitikia hilo upesi kuliko lile la kwenye cheti.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Mwaka 1970 alijiunga na chuo cha ufundi, msichana peke yake katika darasa la umeme. Siku ya kwanza mkufunzi alimwuliza kama amepotea njia. "Sijapotea, Mwalimu," akajibu, "ila kiti changu ndicho sikioni." Akaletewa kiti. Mwaka 1973 aliajiriwa na kampuni ya kufunga lifti, akadumu huko hadi kustaafu.

Tarehe 4 Desemba 1976 aliolewa na fundi cherehani, mtu mpole wa maneno machache, wakajaliwa binti na baadaye wavulana mapacha. Januari 1988 kampuni ilipotafuta mtu wa kwenda kufunga lifti za hoteli katika nchi ambayo haikuwa ikiingilika kirahisi wala kutokeka, mafundi wenzake wote waligeuka wagonjwa ghafla. Marehemu alimtazama mumewe. "Nenda," mumewe akasema. "Watoto nitawaogesha mwenyewe. Lakini urudi na habari za kweli, siyo za kwenye magazeti."

Huko alipokelewa na mkalimani aliyepangiwa kufuatana naye kila aendako. Kilichomwacha marehemu mdomo wazi ni kwamba mtu yule, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi yake, alisema Kiswahili. Alijifunza kwa kamusi na kanda za kaseti, na marehemu alikuwa Mswahili wa kwanza kuonana naye ana kwa ana. "U hali gani, Bibi Fundi?" alimwamkia kila asubuhi, kama mtu aliyetoka kwenye kitabu cha zamani. Siku moja aliuliza kwa unyonge: "Neno 'kumbe' huwekwa wapi hasa? Kitabu hakikueleza." Marehemu akacheka. "Kumbe haiwekwi, ndugu yangu. Inatoka yenyewe."

Alizoea kusimulia aliyoyaona bila kuongeza chumvi. Barabara pana zisizo na honi wala tangazo hata moja. Redio ya chumbani iliyoweza kupunguzwa sauti lakini haikuwa na mahali pa kuzimia. Watu wakipita kwa mistari, nyuso zimefungwa, hata akadhani hawajui kucheka. Kisha asubuhi moja mama mmoja aliteleza kwenye barafu akakaa kitako, mstari mzima ukaangua kicheko, yeye mwenyewe akiongoza, wakamnyanyua, wakamkung'uta koti, halafu kufumba na kufumbua nyuso zikafungwa tena. Marehemu alisema alibaki dirishani mwili ukimsisimka, kwa kuwa alikuwa ameonyeshwa kitu ambacho hakikukusudiwa macho yake.

Kazi ya hoteli ilipokaribia kwisha, walikuwa juu ya paa akamwuliza mkalimani nyumbani kwake ni wapi. Mkalimani alielekeza kwa kidevu kwenye jengo refu la kijivu. "Mama yangu yu pale, ghorofa ya kumi na sita. Miguu yake haiwezi ngazi. Tangu lifti ilipokufa, miaka mingi, hajakanyaga ardhi."

"Mbona hamwiti fundi?"

"Kipuri hakuna, Bibi Fundi."

"Mimi ninacho, kimebaki kwenye kazi ya hoteli. Nipeleke."

"Haiwezekani. Mgeni haingii nyumba za watu."

Jumapili, tarehe 16 Oktoba 1988, mji wote uliitwa uwanjani kwa mkutano mkubwa. Majumbani walibaki wazee wasiojiweza tu. Mkalimani alikuja hotelini, uso umempauka. "Bibi Fundi," akasema, "chukua vyombo vyako."

Marehemu alifanya kazi kwenye chumba cha mashine cha jengo lile la kijivu. Breki ilikuwa imeganda, nyaya zimeliwa na panya. Alasiri mota ilikohoa, ikanguruma, na kamba za chuma zikaanza kutembea. "Kumbe!" mkalimani akapaza sauti, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Mama yake alishuka amevaa koti lake la heshima. Alipofika uani aliinama kwenye tuta la maua, akachota udongo, akaunusa kwa muda mrefu, kisha akaikamata mikono ya marehemu, yenye grisi vile vile, akaiweka mashavuni mwake. Huku nyuma, wazee wengine walikuwa wamesikia mota. Milango ilifunguliwa ghorofa baada ya ghorofa, na lifti ikawa inapanda na kushuka hadi ua ukajaa vikongwe waliosimama juani, wamefumba macho. Kila alipofika hapo katika simulizi, marehemu alitikisa kichwa.

Vijana waliporudi kutoka mkutanoni walisimama langoni. Kila mmoja alimfuata mzazi wake, akamshika mkono, akasimama naye.

Haikupita wiki marehemu akaambiwa kazi yake imekwisha. Mtu mwingine, asiyejua Kiswahili, alimpeleka uwanja wa ndege. Ya mkalimani hakuyajua tena, na jambo hilo lilimkaa rohoni. "Sijui nilimponza au nilimsaidia," alimwambia mumewe, "lakini yeye ndiye aliyebisha hodi kwangu." Miaka ya baadaye, mjukuu alipomwonyesha video ya watalii wakiwacheka watu wa nchi ile, akisema, "Bibi, ona wanavyotembea kama mashine," alijibu kwa upole: "Subiri mmoja wao ateleze, ndipo uniambie."

Mwaka 2019 alipatwa na kiharusi kilichodhoofisha upande wa kulia. Alijifunza kula kwa mkono wa kushoto na kukemea kwa sauti ile ile. Julai 2023 mapafu yalimshinda, akalazwa. Aliaga dunia tarehe 14 Agosti 2023, saa mbili asubuhi, binti yake akiwa anamchana nywele.

Ameacha mume, binti, wana mapacha, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Familia inamhesabu pia miongoni mwa wafiwa mkalimani yule, kama yu hai, ambaye hatuna njia ya kumfikishia msiba huu. Amani imfunike mama yetu hapa alipolala, na imfikie naye huko aliko.