Sura Mbili za Nasipwondi

Dada yetu, Beatrice Nasipwondi, alizaliwa Chwele, Bungoma, Jumapili ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1968, watu wakiwa bado kanisani. Mama alikuwa akisema mtoto huyu hakungoja hata baraka za mwisho, na kweli, maisha yake yote kungoja hakukujua.

Alisoma shule ya msingi huko huko Chwele, kisha akajifunza ushonaji kwa masista, Bungoma mjini, hadi mwaka 1987. Mwaka 1989 mjomba wetu, aliyekuwa karani wa reli, alimwita Mombasa, akapata kazi dukani kwa Mzee Allarakha, Biashara Street. Alipinda leso, akashona sare za shule, na akikutazama tu, keshajua kiuno chako. Mteja aliyedai hajanenepa aliambiwa ashushe pumzi kwanza, ndipo apimwe.

Dukani hapo ndipo Morris Ngowa, karani wa bandarini, alipoleta suruali moja kupunguzwa mara tatu, mpaka ikawa inambana. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Agosti 1993, wakahamia Bondeni, wakajaliwa wana wawili, Arnold na Ronny. Katika picha ya harusi Morris anatabasamu, na ubavuni mwake kuna shela iliyogeuka upande. Dada hakupenda kupigwa picha hata kidogo. Akiona kamera, huyo jikoni. Ndiyo maana jalada la ratiba hii ya mazishi lina picha ya kitambulisho. Hatuna nyingine.

Basi ajabu ni kwamba miaka yake ya mwisho ilikuwa ya picha tupu. Novemba 2022, baada ya kutokwa na damu puani kwa muda, alikutwa na saratani nyuma ya pua, akapangiwa tiba ya mionzi katika hospitali moja hapa kisiwani. Kwanza alilazwa chali. Plastiki yenye vitundu, iliyolainishwa kwa maji moto, ikatandazwa usoni mwake mpaka ikaganda na kushika umbo lake: paji, pua, hata kile kidevu cha ukaidi. Barakoa hiyo ilifungwa mezani ili kichwa kisisogee, naye akapigwa picha za ndani kwa mashine ya skani. Juu ya picha hizo madaktari walichora mionzi ipite wapi, na isiguse wapi, macho na uti wa mgongo. Tena kila alipokwenda, kabla ya mionzi kuachiliwa, alipigwa picha nyingine ilinganishwe na zile za kwanza. Tahseen, binti aliyeendesha mashine, alikuwa na neno moja tu: "Usitikisike, mamangu."

Tiba ilimkausha koo, akashindwa kula, akakonda. Barakoa ikaanza kupwaya. Dada aliogopa sana. Alidhani mashine ikimkataa, basi na tiba imekwisha. Akafanya linalojulikana na fundi wa nguo. Alizikata sponji za kujazia mabega ya koti, akazibana mashavuni kwa ndani, na barakoa ikamkaa barabara. Lakini picha ya siku hiyo ilipowekwa juu ya ile ya kwanza, hazikuoana. Tahseen alitoka chumbani mwake, akamfungua.

"Mamangu, una nini mdomoni?"

Dada akazitema sponji kiganjani, akalia. "Nguo ikipwaya, si natia sponji?"

Hakugombezwa. Alielezwa kwamba mionzi ingeweza kuukosa uvimbe na kuunguza pasipo ugonjwa. Akatengenezewa barakoa mpya, akapigwa picha upya, na njia ya mionzi ikachorwa upya. Alimaliza tiba Machi 2023, akarudi nyumbani na barakoa zote mbili. Yeye aliziita sura zake, nono na nyembamba, akaziweka juu ya kabati.

Mei 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii mapafuni. Tuliokuja kumuuguza tuliona mambo. Jua la alasiri likiingia dirishani lilipenya vile vitundu, na uso wa dada ukajichora ukutani, ule wa zamani, uliojaa. Tulihamisha viti tusiutazame. Shukri, jirani wa mlango wa pili, akaifunika ile nono kwa leso. Kesho yake akaikuta wazi. Akaifunika tena, ikafunuliwa tena. Kumbe ni Morris.

"Atakosa hewa," alisema, na dada yuko hai kitandani, anamsikia.

Ilituuma sote. Siku moja ya Agosti dada alimwita mumewe, mdogo wake Nekesa akiwapo. "Morris, nizike na sura zangu zote mbili. Sitaki kubaki juu ya kabati nikikutazama ukila." Morris akasema chai inapoa.

Alifariki nyumbani Bondeni asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Sura nyembamba tumeshaiweka jenezani. Nono imefungwa katika leso, na Morris amesema ataibeba mwenyewe hadi makaburini. Hajasema kama atarudi nayo. Shemeji, tunajua huna picha nyingine. Lakini neno lake ulilisikia.

Ameacha mume, Morris. Wanawe, Arnold na Ronny. Mjukuu mmoja, aliyeiogopa sura ile na kumpenda mwenyewe. Na mdogo wake Nekesa, aliyeandika haya.

Mungu akupokee, dada. Lala. Geukia upande uupendao. Hakuna tena wa kukwambia usitikisike.