Nati ya Gurudumu la Nyuma

Aliyempasha Mahfudha habari ile hakuwa mumewe. Alikuwa Mwanakuu, jirani wa nyumba ya pili, aliyemwita ukutani huku akianika nguo. Akamwambia kwamba juzi mumewe, Faraj, alianguka na pikipiki yake kule Makupa, gurudumu la nyuma limegoma ghafla, na lori lililomfuata likapinda na kusimama likiwa limebakisha hatua mbili tu kumfikia. Mahfudha akaikumbuka kanzu iliyoraruka pajani. Aliambiwa ni msumari, akaishona bila kuuliza.

"Na leo wamemnyang'anya fundi Kioko sanduku lake la vyuma," Mwanakuu akaongeza. "Jamaldin amesema kesho asubuhi atalitupa baharini."

Jioni ile, baada ya sala ya alasiri, wanaume walikaa kwenye baraza ya nyumba ya Faraj kama ilivyo ada yao, chini kabisa ya dirisha la Mahfudha. Muuza kahawa aliweka dele lake la shaba chini akaanza kumimina. Ndani ya daka, ule ukumbi wa mlangoni, nyuma ya mlango uliofunguliwa upande mmoja, ilisimama pikipiki ambayo Faraj aliinunua kwa askari mmoja aliyekuwa akirudi kwao vita vilipokwisha. Jumamosi Kioko, fundi Mkamba wa Mwembe Tayari, alikuja kubadilisha gololi za gurudumu la nyuma. Sasa gurudumu lilikuwa kama limepigiliwa misumari, na sanduku la fundi lilikuwa kando yake. Mahfudha alikaa na mtoto mapajani, mlango wa dirisha ameuacha wazi upana wa kidole.

Wa kwanza kusema alikuwa Jamaldin, aliyeitwa Hakimu kwa sababu hakuna kesi aliyowahi kuisikiliza pande zote mbili.

— Nimesema na narudia. Yule mtu alitaka kukuua, Faraj.

— Sasa aniue kwa lipi? Faraj akauliza. Tumekosana wapi mimi na yeye?

— Hilo kamuulize yeye. Mimi najua gurudumu lilikuwa likienda, akalishika, likaacha kwenda. Wataka ushahidi gani tena?

— Ni gololi, akadakia Athmani. Huyu walimwita Redio. Tofauti ni kwamba redio huzimwa. Gololi alizotia Kioko ni za reli, akaendelea. Nimeambiwa na mtu wa huko huko. Gololi za reli zimezoea njia iliyonyooka, yakhe. Ukizileta Mji wa Kale, kona hii na kona ile, zinachanganyikiwa.

— Gololi inachanganyikiwa? akauliza Faraj.

— Wewe huchanganyikiwi? Nayo ni chuma tu, haina hata akili ya kuuliza njia.

Muuza kahawa akacheka. Hakimu akamkata jicho.

— Nilianguka mbele ya makuli wote wa Makupa, akasema Faraj. Kanzu imepasuka mpaka hapa. Kuna mmoja akaniuliza kama nimeshuka kusali. Wallahi, ningemwona Kioko saa ile ningemvunja mkono.

— Mkono utapona, akasema Hakimu. Vyuma vikizama havirudi. Fundi bila spana ni nani? Ni mtu wa kubeba magunia. Tutaona kama atamwangusha mtu mwingine.

— Ngojeni, akasema Redio. Mwaisahau hii pikipiki ni ya vita. Wazungu wana akili. Wameitengeneza hivi: adui akiiba, ikenda naye maili kadhaa, gurudumu linajifunga lenyewe ili akamatwe.

— Sikuiiba. Niliinunua.

— Umeiambia?

— Athmani, wewe una wazimu, akasema Hakimu. Jambo lenyewe ni wazi. Askari wake wa kwanza alikufa juu yake. Roho yake imekaa pale nyuma, nzito, haitaki kubebwa na mtu mwingine. Na Kioko alijua. Alitakiwa aseme, hakusema. Hilo ndilo kosa lake.

— Askari mwenyewe ndiye aliyeniuzia, akasema Faraj. Alikuwa mzima, na alinila pesa nyingi.

— Basi alikufa baadaye.

Hapo juu, Mahfudha aliuma upindo wa kanga yake. Tangu aolewe hajawahi kutia neno kwenye maneno ya baraza, na hata mtoto akilia saa za kahawa yeye hukimbilia chumba cha nyuma.

Kulikuwa na mtu mwingine, aliyesimama tu akingoja kikombe. Jina lake Kombe, Mgiriama, kazi yake kutengeneza magurudumu ya mikokoteni huko Makupa, nao hawakumjua. Alikwisha kuchungulia ndani ya daka, akachuchumaa, akaligusa gurudumu kwa kiganja.

— Salaam, wazee wangu. Mimi ni mtu wa mikokoteni, pikipiki siijui. Nauliza tu. Fundi alipoondoka, kuna mtu aliyeishika hii nati?

Hakimu aliangalia ndani ya kikombe chake. Redio akapuliza kahawa yake iliyokwishapoa.

— Kahawa imekwisha? Faraj akauliza.

— Imo tele, akasema muuza kahawa.

Mahfudha, kutoka dirishani, aliona yote Jumamosi ile, kazi ilipofanyiwa barazani. Kioko alipomaliza alilitikisa gurudumu, likacheza kidogo, upana wa unywele. Akasema, "Bwana Faraj, liache licheze hivi hivi. Likipata moto hujibana lenyewe." Akachukua sanduku lake akaenda. Hajapinda kona, Hakimu akalitikisa naye, akasema hiyo ni kazi ya bara, imelegea. Akaitwaa spana iliyokuja na pikipiki, akakaza nati. Redio naye hakukubali kuonekana dhaifu, akakaza. Faraj akamalizia kwa kuikanyaga spana kwa mguu, nao wakampigia makofi.

— Kesho baada ya sala nitakuja kulichukua sanduku, akasema Hakimu, akasimama. Kombe akanywa kahawa yake, akaenda zake.

Asubuhi, Faraj alipokwenda msikitini, Mahfudha alimlaza mtoto, akashuka kwa ngazi hadi kwenye daka. Akaitia spana kwenye nati, akavuta. Haikusogea, nguvu za wanaume watatu zilikuwa mle. Akavua viatu, akashika ukuta, akaipandia spana kwa miguu yote miwili. Chuma kikalia, nati ikalegea. Akalisukuma gurudumu kwa kidole kimoja nalo likazunguka, likazunguka.

Faraj alimkuta bado ameshika spana, viganja vyeusi kwa grisi. Aliliangalia gurudumu, kisha akaangalia chini.

"Nilikuona kutoka dirishani," akasema Mahfudha. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Niliwaona nyote. Ungekufa kule Makupa, mimi ningeambiwa ni Kioko, na mji wote ungeamini, kwa sababu wewe ungekuwa hupo wa kusema ukweli. Mimi nimelegeza tu. Kufunga ni kazi yake. Nenda kamwite, na umtake radhi kabla hajaingia mlango huu."

Faraj akatoka kwenda Mwembe Tayari.

Mahfudha akavaa buibui lake, akalikokota sanduku mpaka nje, akalipandisha barazani, akalikalia. Hakimu alikuja na kamba ya kulifungia. Alisimama mbele yake, hajui atazame wapi.

— Sabalkheri, Mahfudha. Mumeo yuko wapi?

— Nimemtuma kwa fundi.

— Basi inuka, mwanangu, nichukue hilo.

— Keti, Bwana Jamaldin, akasema Mahfudha, akamwonyesha upande wa pili wa baraza. Fundi akija, umwambie wewe uliikaza nati mara ngapi.