Rangathal Akka, Pini ya Nywele na Cheti cha Bajaji Yetu

Ijumaa tarehe 31 Mei 2024, kengele ya saa kumi na nusu jioni itakapolia, Bi. Rangathal wa Idara ya Nyaya atavua aproni yake ya buluu kwa mara ya mwisho, baada ya kukitumikia kiwanda chetu hapa Coimbatore kwa miaka thelathini na sita kasoro siku tatu. Hizo siku tatu amezitaja mwenyewe. Ofisi ilimwonyesha kadi ya mwaliko iliyoandikwa "miaka 36", akairudisha. "Siku tatu sijazifanya," alisema. "Msinipe cha bure."

Anayemfahamu ameshacheka. Asiyemfahamu aendelee kusoma.

Aliingia hapa tarehe 3 Juni 1988, msichana wa miaka ishirini na miwili, wakati kiwanda kikitengeneza pampu za visima tu. Kazi yake ilikuwa kuzungusha waya wa shaba ndani ya mota, kwa mkono, kutwa nzima. Msimamizi wa siku hizo aliwaambia wenzake kwamba vidole vya huyu mtoto vitachoka kabla ya chakula cha mchana. Vidole havikuchoka. Kila mota aliyoimaliza aliitia nukta tatu nyekundu, na kwa miaka kumi na mmoja ni mota moja tu ya nukta tatu iliyorudi kutengenezwa. Hata hiyo alikataa kuibebea lawama, kwa sababu ndani yake alikutwa panya.

Mwaka 2009 alifanywa kiongozi wa meza. Miaka kumi baadaye pampu zikaanza kukosa wanunuzi, na mwenye kiwanda, Bwana Devasigamani, akaamua kutengeneza bajaji ya umeme, akaipa jina Thenral, upepo wa kusini. Wanawake wa mota tulidhani ndiyo basi, tunarudishwa nyumbani. Rangathal Akka aliomba fungu zima la nyaya za bajaji, akaenda nalo kwake Irugur, akalitandaza sakafuni, na kila jioni baada ya kupika alikaa nalo mpaka akajua kila rangi inatoka wapi na kwenda wapi. Zilimchukua wiki sita. Halafu akatufundisha sote, wanawake arobaini na mmoja. Karibu wote tunamwita Akka, dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri.

Mafunzo yake yalikuwa mafupi. Kila kichwa cha waya kivutwe mara mbili kwa vidole viwili. "Mara moja kwa ajili ya kampuni, mara moja kwa ajili ya abiria," alikuwa akisema. "Humo atapanda mama na mtoto wake wanatoka kliniki. Vuta tena." Waya ukichomoka hakugomba. Alisema neno moja tu, "Fumua," akasimama hapo hapo mpaka umefumua. Mwandishi wa maneno haya amewahi kufumua mara tisa siku moja, na mara ya tisa aliletewa kahawa.

Yeye pia ndiye aliyefunga sari ya zamani kwenye boriti ya stoo na kuifanya susu ya watoto wachanga. Ofisi ilipouliza nani ametoa ruhusa, alijibu kwamba mtoto akilia nyumbani, mkono wa mama yake hukosea hapa. Susu ipo hadi leo, na saa hii kuna anayelala ndani yake.

Sasa tufike kwenye cheti.

Bajaji mpya haipewi namba wala haiuzwi bila cheti cha usalama. Kituo cha upimaji huijaribu breki, huipandisha mlima, huitikisa, kisha huimwagia maji kila upande na kuipitisha dimbwini. Mwezi Oktoba mwaka jana Bwana Devasigamani alituita uani akatuambia bila kuzunguka: pampu zimekwisha, na kama Thenral haitapata cheti kabla ya Mei kwisha, Idara ya Nyaya itafungwa. Watu arobaini na wawili, pamoja na Akka. Yeye alikuwa anastaafu tarehe hiyo hiyo kwa hali yoyote. Sisi wengine hatukuwa na pa kwenda.

Wiki mbili baadaye ikafika Ayudha Puja, sikukuu ya kuzibariki zana za kazi. Kama kila mwaka, zana zote zilioshwa, zikapakwa liwa, zikavishwa maua, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa hata bisibisi moja mpaka kesho yake. Thenral iliyokuwa inangoja kwenda kupimwa ilisimama katikati, imevishwa kama bwana harusi. Ikabaki uzi wa ndimu na pilipili saba wa kuzuia macho ya watu. Tatizo, uso wa Thenral ni plastiki laini tupu, hauna hata mahali pa kufungia uzi, na drili ilikuwa imelala na shada lake la maua. Rangathal Akka akachomoa pini kwenye nywele, akaipasha moto kwenye taa ya ibada, akatoboa tundu dogo, akapitisha uzi. Juu ya tundu akapaka tone la liwa na unga mwekundu. Tulipiga makofi. Injinia wetu kijana, Ezhilan, ndiye aliyekuwa ameshika sinia la kafuri, naye alipiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja.

Siku ya kuipakia kwenye lori uzi ulitolewa, maana kituo hutaka chombo kitupu. Tone likabaki.

Januari, baada ya Pongal, sikukuu ya mavuno, majibu yakaja. Breki, imepita. Mlima, imepita. Mtikiso, imepita. Maji, imeanguka. Maji yalikuwa yamefika kwenye plagi kubwa nyuma ya uso wa mbele. Thenral ikarudishwa, na kwa siku kumi na moja Ezhilan aliimwagia maji, akaifungua, akaifunga, akabadilisha mpira wa kuzibia mara tatu. Mwishowe akaandika barua kali kwa fundi anayetutengenezea mipira hiyo, kumwambia kwamba tunaacha kununua kwake. Barua ilikuwa mezani inangoja sahihi.

Siku ya kumi na mbili Rangathal Akka alipeleka fungu jipya la nyaya, akakuta wanaimwagia maji tena. Mabaki ya lile tone la liwa yalikuwa yakiyeyuka na kushuka kama machozi ya manjano. Alilitazama. Angeweza kunyamaza. Ilibaki miezi minne astaafu, faili lake halikuwa na doa hata moja, na tundu lenyewe lingezibwa kwa nta bila mtu kujua.

"Thambi," alimwambia, maana kwake injinia ni mdogo wake, "acha kutafuta mpira. Nitafute mimi." Akachomoa pini, akaiingiza kwenye tundu. Ilikaa barabara.

Ezhilan aliketi chini kwenye maji. "Akka! Siku kumi na moja!"

"Ungetuuliza wanawake siku ya kwanza," alimjibu, "usingelowa."

Barua ya fundi ilichanwa mbele ya Akka, akahakikisha. Kisha akaenda mwenyewe kwa Bwana Devasigamani, akaomba kosa liandikwe kwenye faili. Likaandikwa, kwa wino mwekundu.

Hapo angekuwa amemaliza, lakini hakumaliza. Ezhilan alitaka kubadilisha plastiki ya mbele na kuirudisha Thenral haraka. Akka akakataa. Alisema tutapita mara moja, halafu kila dereva atakayeinunua atataka kutundika ndimu yake, na atatoboa anapopenda. Ezhilan akapendekeza karatasi ya onyo, "Usitoboe hapa." Akka akacheka mpaka akashika meza. "Ibandike, thambi. Watatoboa katikati ya karatasi yako. Mimi nimeishi na nyaya miaka thelathini na mitano, nimetoboa. Dereva ndiye atakayekuonea huruma?"

Alichotaka ni kulabu, ndogo, iliyoumbwa pamoja na plastiki chini ya kioo, isiyo na tundu. Kila dereva apate mahali pake pa kutundika. Ubaya wake ni kwamba kulabu ilimaanisha michoro mipya, na michoro mipya ilimaanisha kurudi nyuma kabisa ya foleni. Bwana Devasigamani alifikiri siku mbili, akakubali.

Machi ikapita. Aprili ikapita. Simu ya ofisini ikilia, mikono yote mezani ilisimama, na Akka alisema bila kuinua macho, "Simu haina waya wenu. Vuteni." Mei ilipokaribia katikati, wengine tulianza kuhesabu siku kwa sauti. Sevanthi wa meza ya pili alimwambia mbele ya wote, "Akka, wewe unakwenda kupumzika. Sisi tutakula kulabu?" Akka alimjibu polepole, "Mtakula kazi yenu, ikiwa haitamuua mtu." Tangu siku hiyo alikula wali wake wa maziwa ya mgando peke yake, siku tisa. Tulimpa mgongo. Inaandikwa hapa kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kila jioni katika hizo siku tisa alipita mezani kwetu akivuta kila waya mara mbili, bila kumruka hata mmoja wetu, na bila kununa.

Jumanne tarehe 21 Mei Ezhilan alivuka ua mbio bila viatu, karatasi mkononi. Imepita. Ndani, pakavu. Ukurasa wa nne, kwenye orodha ya vipande vilivyokaguliwa, mstari wa sitini na mbili uliitaja kulabu ya kutundikia ya mbele. Akka aliomba asomewe mstari huo mara mbili. Sevanthi alikuwa wa kwanza kumwangukia miguuni, nasi tukafuata, tukigongana vichwa. Alijifuta macho kwa ncha ya sari, akasema, "Haya, inukeni. Nyaya hazijivuti."

Bwana Devasigamani alitaka kumuaga kwa kulitoa lile karatasi la wino mwekundu kwenye faili. Amekataa. "Likitoka hilo," alisema, "nani atajua kulabu ilitoka wapi?" Libaki basi, na liwe fahari yetu.

Ijumaa, Thenral ya kwanza yenye namba itampeleka nyumbani Irugur. Ezhilan ataendesha. Akka ametakiwa akae nyuma kama abiria na asikague kitu, ingawa hakuna anayeamini. Ndimu tatu zitawekwa chini ya magurudumu matatu, zipondwe kuondoa nuksi, na uzi wa ndimu na pilipili atautundika yeye, kwenye kulabu yake.

Sisi wa Idara ya Nyaya tumemnunulia pini mpya ya fedha, tukamwomba ile ya zamani ibaki, itundikwe ukutani juu ya meza. Amekubali kwa sharti moja: kila msichana mgeni aambiwe ilitoboa nini, na nani aliyetoboa.

Ataambiwa, Akka. Asante kwa kila "Fumua", kwa susu, kwa kahawa, na kwa siku tisa ulizotuvumilia. Ukae kwako kwa afya, wajukuu wakuzunguke, mikono yako ipumzike. Nasi huku tutavuta mara mbili.