Ujumbe kwa Kila Jina

Kwenye haisi ya abiria ya kwenda Ngara, kiti cha mbele yangu, msichana alimweleza mama aliyekaa naye kazi yake. "Naandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python, shangazi. Moja inapita jina kwa jina kwenye orodha ya hospitali, inawatumia ndugu ujumbe."

"Hata ule wa pole, mwezi uliopita?"

Msichana alisita. "Ulikuwa wa wafiwa tu. Mstari mmoja wa programu niliuweka nje ya sharti la kuchagua wafiwa, ujumbe ukaenda kwa ndugu za wagonjwa wote."

"Mume wangu alikuwa amelazwa," mama alisema taratibu. "Mama yake, Theodosia, aliusoma akaanguka. Tulimzika Jumapili ile ile. Mume wangu yupo, analima."



Tulipofika Murukulazo, mama alishuka. Msichana, aliyekuwa amelipa nauli ya hadi Ngara mjini, naye alishuka, akamfuata.