Mwalimu Stanislaus na Jina la Mzee Nimo

Wasikilizaji wapendwa wa Kibondo, Kasulu na Buhigwe, sogezeni redio karibu. Ni mimi, Zuleha. Leo tunamkumbuka Mwalimu Stanislaus Ndayikeza, aliyefariki Jumanne hapa Kasulu akiwa na miaka themanini na mmoja. Mwalimu Stanislaus. Mwalimu wa Kilatini.

Naam, Kilatini! Alikifundisha seminari, kisha akaja sekondari kutufundisha Kiswahili. Lakini Kilatini hakikumtoka. Akiita majina darasani, anasisimka mwenyewe. "Sofia! Kwa Wagiriki ni hekima. Stefano! Taji! Waroma waliyachukua kwa Wagiriki, yakatembea mpaka Kasulu! Hata neno shule limetoka huko huko!" Sisi tunacheka. Mkewe, Mama Ernesta, ameniambia nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. "Ugali unapoa, yeye yuko na Wagiriki wake."

Sasa sikilizeni jambo hili. Mwaka 2016, akiwa mstaafu, alikuwa akifundisha dini katika kambi ya wakimbizi ya Nduta. Mama mmoja Mrundi, Vestina, akamfuata baada ya ibada. Alikuwa anamtafuta kaka yake, Jérôme Niyubahwe. Walipotezana katika mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, kaka akavukia Tanzania. Vestina alikuwa mtoto wa mgongoni. Sura ya kaka haijui. Alichonacho ni jina tu, ambalo mama yake alilitaja mpaka anakufa. Ameuliza kila mahali. Hakuna Jérôme.

Mwalimu akaenda parokiani, akaomba daftari la ndoa la zamani, lililoandikwa kwa Kilatini. Akapekua siku tatu. Binti yake, Elieth, alikuwa naye. Anasema baba aliruka kutoka kwenye kiti!

"Elieth! Hieronymus Niyubahwe, Kagerankanda! Hili ni la Kigiriki, maana yake jina takatifu. Waroma wakalichukua, Wafaransa wakalikatakata likawa Jérôme. Ni lile lile!"

Na jina la mama mzazi lilikuwa pale pale, sawasawa na alivyolitaja Vestina.

Siku hiyo hiyo, mzee wa miaka sabini na mbili, akapanda bodaboda hadi Kagerankanda. Kule walimjua mkulima mmoja, Yeronimo, ndiyo Hieronymus kwa Kiswahili, wanamwita Mzee Nimo. Mwalimu akamkuta anapalilia maharage. Hakusalimia hata. Akapaza sauti: "Jérôme!"

Jembe likaanguka. "Miaka arobaini na minne," mzee akasema, "hakuna aliyeniita hivyo."

Wiki iliyofuata alifika Nduta. Vestina alimtazama kidogo tu, akamkumbatia akilia kwa Kirundi, "Musaza wanje!" Kaka yangu! Mwalimu, anasema Elieth, alikuwa anapiga makofi kama mtoto.

Jumamosi tulimzika. Mzee Nimo alibeba jeneza mbele, na Vestina alisimama na wafiwa.

Mama Ernesta, Elieth, na ukoo wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kaeni na wazee wenu leo. Waulizeni majina ya ndugu waliopotelea njiani. Yaandikeni kwa kila namna mnavyoyasikia. Huenda kuna mtu anapalilia shamba lake sasa hivi, anasubiri kuitwa.